Kitabu cha Mzee Rabi na Neno Lisiloulizwa

Riziki, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu jina hilo lilikuwa la mama yangu kabla halijawa lako, na kwa sababu tangu jana unanigombeza kama yeye alivyokuwa akinigombeza. Sasa hivi umekwenda shuleni kuwaaga watoto wako wa darasa la pili. Mama mdogo wako Sifa yuko kwenye foleni ya maji. Mimi nimefunika cherehani, nimegeuza kiti, naandika juu ya meza ya kukatia nguo. Mvua inanyesha upande wa Makere. Ikifika huku kambini nitaacha kidogo, maana bati letu unalijua, likianza kelele mtu anasahau hata alichokuwa anasema.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta, wala kutopotezana na Sifa uwanja wa ndege. Hayo walikwisha kuwafundisha kwenye semina ya wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo, mkaoneshwa na video. Mimi hata mlango wa choo cha ndege sijui unafunguliwaje, nitakufundisha nini?

Naandika kwa sababu ya neno lako la jana. Ulisimama hapo mlangoni, mkono kiunoni, ukasema: "Baba, mimi keshokutwa sipandi basi. Mama akija atamkuta nani hapa? Wewe una kifua, ukifa nani atamtambua?" Sifa akaanza kulia. Mimi nikakwambia, "Nenda kasonge ugali." Baba mzima, mwanangu ananiuliza habari za mama yake, mimi namtuma jikoni! Nimeona aibu usiku kucha.

Basi nakujibu leo, kwa kalamu. Lakini jibu langu limepita mbali, kwenye kile kitabu cha babu yako, kwa hiyo vumilia. Nikilitoa hivi hivi halitasimama.

Kitabu unakijua. Kiko juu ya kenchi, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya gunia la unga, mahali ambapo panya hawafiki lakini mchwa wanafika. Ulipokuwa mdogo ulikiita kitabu cha sisimizi, kwa sababu ya zile herufi nyeusi zilizosongamana. Wapendwa wa kanisani wanakiita Biblia ya Wayahudi, na unamkumbuka yule shemasi aliyekuja kuniomba nimwekee mwanawe kichwani apone degedege. Nilimkatalia, akaninunia mwaka mzima. Si Biblia, mama, wala si dawa. Ni kitabu cha sheria. Mzee mmoja rabi, yaani mwalimu wa dini ya Kiyahudi, alikiandika chote kwa mkono wake, kwa kalamu ya kuchovya kwenye wino. Watu wa dini yake walimletea maswali. Nyama hii tuile au tuitupe? Kiapo nilichoapa nikiwa na hasira, kinanifunga? Naye anajibu kwa kuandika, kurasa kwa kurasa, akiwataja wazee waliokufa zamani na kubishana nao kana kwamba wameketi naye mezani. Hivyo ndivyo alivyonieleza babu yako Yohana, na babu yako alijua, maana ndiye aliyempelekea chai.

Babu alitoka Baraka, kwetu ziwani, akiwa kijana, akaenda Lubumbashi kutafuta maisha, enzi za Wabelgiji. Akapata kazi ya upishi kwa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Myahudi. Mzee rabi alikuwa baba wa huyo bwana, mjane, chumba chake kiko nyuma karibu na jiko. Mcha Mungu wa kweli, si wa kujionyesha. Karatasi yenye maandishi ikianguka chini, anaiokota na kuibusu. Hanywi hata maji kabla hajanong'ona maneno yake.

Siku ya Jumamosi mzee huyo hakugusa moto, wala hakumtuma mtu aguse kwa niaba yake. Na Lubumbashi mwezi wa sita kuna baridi ya kuuma mifupa. Angekaa anatetemeka mpaka jua lizame, kuliko kusema, "Yohana, washa jiko." Babu alijifunza mwenyewe. Jumamosi anaingia, anawasha jiko la chumbani kama mtu anayejiwashia, anaota moto kidogo, anatoka. Hakuna aliyeagiza, hakuna aliyeshukuru. Jumapili asubuhi mzee anamshika mkono kwa mikono yake miwili, kimya, halafu anamwachia aende akachemshe maziwa.

Sasa sikiliza hili. Katika watu wao kulikuwa na dada mmoja, mumewe alikwenda kule kwetu ziwani kununua ngozi, hakurudi. Miaka ikapita. Yule dada hakuwa mke, hakuwa mjane. Kwa sheria yao hakuna wa kumwambia mumeo amekufa mpaka ijulikane, na mpaka ijulikane hawezi kuolewa, hata kuomboleza hawezi. Alikuwa anakuja kwa mzee, anaketi kwenye ngazi, anaondoka. Mzee akaandika barua Kalemie, akaandika Bukavu, akaandika Bujumbura. Majibu yakaja: hatujui.

Na sheria hiyo hiyo ina mlango mdogo. Mtu wa dini nyingine, hata kibarua, hata mpita njia, akisema kwenye mazungumzo yake kwamba amemwona fulani amekufa, neno lake linapokelewa. Lakini awe amesema mwenyewe. Ukimwuliza, umeliharibu. Pengine atakujibu kwa kukuogopa, au kwa kukufurahisha, au kwa kutaka kitu. Ndiyo maana mzee hakuwahi kumwuliza babu yako, ingawa alijua kwamba babu anapita ziwani kila akienda likizo. Alikuwa amefunga mdomo, anangoja.

Siku moja babu amerudi kutoka Baraka, yuko jikoni anaparua samaki, anapiga soga na dobi. Akasema, "Samaki huyu ananikumbusha yule bwana mnunua ngozi, mwenye kidole kilichokatika, tulimzika mchangani." Mzee rabi alikuwa anapita ukumbini. Babu anasema aligeuka akamkuta mzee ameketi juu ya ndoo mlangoni pa jiko, mkono umeziba mdomo, macho yamemtoka. Babu akafikiri mzee ameshikwa na ugonjwa. Na wewe unaijua nyumba yetu, sisi mtu akinyamaza tunaogopa, tunaongea zaidi. Basi akaongea! Akaeleza dhoruba, mtumbwi uliopinduka, maiti iliyotupwa ufukoni, sura yake, kidole chake, jinsi wavuvi walivyokataa kumwacha aliwe na mbwa, jinsi walivyomchimbia wakamfunika. Mzee hakuuliza hata neno moja. Alipomaliza, mzee alisimama, ndevu zimelowa machozi, akaingia chumbani kwake.

Akaandika wiki nyingi. Chai inapoa, anaandika. Kisha siku moja akavaa koti, akamwambia babu amshikie mwavuli, wakaenda kwa miguu mpaka kwa yule dada. Mzee akamwambia kwa lugha yao kwamba yuko huru. Yule dada alishika mlango, akasema neno moja tu, na baadaye babu akaambiwa maana yake. Alisema, "Mbona mmechelewa hivi?"

Mzee alimwonyesha babu mahali kitabuni. "Hapa nimeandika, Yohana mpishi alisema, na mimi sikumwuliza." Babu akaweka uzi mwekundu. Na mzee akamwambia jambo jingine, ambalo babu alinisimulia mara nyingi, nami nikalisikia kwa sikio moja. Alimwambia, "Yohana, sikuwa natafuta kujua kama amekufa. Nilikuwa natafuta mlango wa kumtoa huyu mtoto."

Uzee ulipomshika, nakala safi ikapelekwa ng'ambo ikapigwe chapa. Hii yetu ni ile ya kwanza, yenye kufutwafutwa, akampa babu kwa sababu yumo ndani. Akamwagiza, isichomwe moto kamwe. Karatasi yenye jina la Mungu ikizeeka huzikwa, kama mtu.

Babu alipokufa kikaja kwangu, na mimi ndipo nilipoanza kukiharibu. Nilikuwa nimetoka kujifunza ushonaji, naona kila kitu kinataka sindano. Nikakitazama, nikaona kimefungwa upande wa kulia. Nikasema, huyu aliyekifunga alikuwa mlevi. Nikafumua nyuzi zote, nikakigeuza, nikakishona upande wa kushoto kama vitabu vya watu wote, kwa uzi wa viatu uliopakwa nta. Nilijisifu mpaka mama yako akachoka. Ukweli niliujua miaka mingi baadaye, tukiwa huku tayari, nilipopata kibali nikaenda Kibondo kumwona yule mchungaji aliyesoma Kiebrania chuo cha Biblia. Alifungua, akacheka mpaka akafuta macho. "Fundi Elia! Umeshona upande wa kufungulia! Hawa wanaanzia kulia." Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba basi anisomee palipo na uzi mwekundu. Akavaa miwani, akavua, akavaa. Alisema yeye alifundishwa herufi za chapa, na huu ni mwandiko wa mkono wa wazee, hauelewi. Akahangaika mpaka chakula kikapoa, akapata neno moja, "mke". Mengine, akasema, sijui, ndugu yangu, nisikudanganye. Nilirudi kambini na kitabu changu mapajani, nimechoka.

Na kwa kufumua na kushona tena karatasi zikachanika. Kurasa zikaanza kutoka. Halafu mchwa wakaingia mwisho wa kitabu, au mwanzo, Mungu ndiye anayejua. Unakumbuka tulivyozika zile zilizooza? Nyuma ya nyumba, pale kwenye mihogo. Ulikuwa mdogo, ukaimba wimbo wa msiba kwa sababu ndio uliozoea kuusikia makaburini. Ukaniuliza, "Baba, tumemzika nani?" Nikasema karatasi. Ukauliza mbona unalia. Nikasema ni moshi, na jiko letu lilikuwa halijawashwa.

Sasa nije kwa mama yako.

Unajua habari yenyewe, lakini niiseme kwa mpangilio. Siku risasi zilipofika Baraka, mama yako Mwamini alikuwa amekwenda juu milimani kumwuguza mama yake. Sifa alikuwa nawe mgongoni, akaingia mashua ya kwanza. Mimi nilibaki kumtafuta Mwamini njia zote mpaka zikafungwa, nikaja na mashua ya mwisho, nimebeba cherehani na hicho kitabu. Huku Sifa alikuwa ameshakuandikisha kwenye kadi yake ya ukimbizi. Hatukubadilisha. Tulisema yote ni moja, mama yake akija tutapanga. Ni kwa kadi hiyo kesho Sifa anasafiri nawe, na mimi nabaki.

Walijaribu kuniunganisha nanyi. Nisimlaumu mtu. Yule kijana wa biro, ofisi ya wakimbizi, alinikaribisha kiti, akaniuliza kwa adabu, "Mzee, mkeo yuko hai au amefariki?" Nikasema sijui. Akasema karatasi inataka jibu moja. Nikasema sijui. Waliniita tena na tena, na kila mara nilitoka pale nimenyoosha shingo, kumbe najiona kama yule mzee rabi, mtu asiyemzika mwenzake kwa maneno matupu. Na kweli sikujua, Riziki. Sikusema uongo. Kulikuwa na waliosema wamemwona Uvira, na waliosema amekwenda Zambia. Faili langu likawekwa pembeni, halijarudi.

Hilo la faili silijutii sana. Ninalojutia ni lile nililokufanyia wewe. Kila lori la wageni lilipoingia kambini nilikushika mkono tukaenda kusimama pale wanaposhukia, tuwatazame akina mama usoni. Mvua, jua, tunakwenda. Ulikuwa na umri wa kucheza kombolela, wewe unakagua nyuso. Siku moja ulimng'ang'ania mama wa watu sketi, ukasema ni huyu, ni huyu, mpaka wakakubandua. Watu walinitazama vibaya, na walikuwa na haki. Mimi nilijiambia namfundisha mtoto kutomsahau mama yake. Nawe ukajifunza vizuri mno. Umekuwa mwalimu, una akili zako, na bado mwezi juzi lori lilipoingia nilikuona umeacha daftari za watoto unakwenda. Sikukuita. Nilirudi ndani nikashika tama.

Ndipo nikaelewa kwamba kwa babu yako nilisikia nusu. Nilishika ile nusu ya kutosema amekufa. Ile ya mzee kuhangaika na barua zake ili mtu atoke, niliiacha ikapita. Nimekuketisha kwenye ngazi maisha yako yote, mimi, baba yako, nikiona ni uaminifu.

Haya. Sasa kuna jambo lililotokea ile wiki mlipokwenda Kasulu kupimwa afya.

Mama Kashindi unamjua, yule anayeuza mawese karibu na kinu. Alikuja na kitenge, anataka blauzi. Nikampima, akasema, "Fundi, nataka na mfuko wa ndani hapa kiunoni, wa kuwekea vitu vyangu." Nikasema sawa. Akasema, "Siyo sawa tu, nataka mfuko kama ule niliouona zamani kwa mama mmoja tuliyemzika njiani. Ulikuwa umeshonwa vizuri! Una kifuniko cha pembe tatu, na kifungo cha kijani, kikubwa, kama cha koti la mwanamume."

Riziki, mfuko ule niliushona mimi. Hakuna fundi mwingine Baraka aliyekuwa anashona kifuniko cha pembe tatu kwa ndani, walinicheka kwamba napoteza kitambaa. Na kifungo nilikitoa kwenye koti langu la kijani, mama yako alikitaka, nikamwambia utaniacha uchi, akacheka. Koti lile bado linaning'inia nyuma ya mlango, shimo la kifungo liko wazi, umelivaa mwenyewe siku za baridi.

Nilitaka kumshika mabega nimwulize, yukoje, mrefu, mfupi, ana pengo? Halafu nikamwona mzee rabi juu ya ndoo, mkono mdomoni. Nikafunga mdomo wangu. Nikawa nakanyaga cherehani. Uzi ulikuwa umeshakatika, sindano inatoboa kitambaa bure, mimi nakanyaga tu ili mama wa watu aone niko kazini, aendelee.

Akaendelea. Alisema walikuwa kundi la wanawake wanashuka kutoka milimani kuelekea ziwani. Yule mama aliwakuta njiani, ana homa, anaharisha. Jina lake hawakulijua. Walimwambia apumzike, anakataa, anasema, "Mwanangu yuko mbele. Mwanangu yuko mbele." Akauliza mashua za Kigoma zinapatikana wapi. Asubuhi hakuamka. Walimwosha kwa maji ya kijito, wakaazima majembe kwa watu wa kijiji, wakamzika kando ya njia pale inapokata kulia, wakamwimbia wimbo mmoja wa kanisani, wakaondoka kwa sababu risasi zilikuwa nyuma. Kifungo waliona aibu kukichukua, wakamwacha nacho. Kisha Mama Kashindi akaniuliza, "Fundi, mbona husemi? Utaweza au huwezi?" Nikasema nitaweza.

Nimemshonea, mfuko na kifuniko chake. Alipokuja kuchukua blauzi alisema kumbe wewe ni fundi, nikamwitikia asante.

Siku iliyofuata nilikwenda biro. Nilikuwa na jibu sasa. Yule kijana hayupo tena, alikuwa mwingine, dada mmoja mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, pole ya kweli. Akasema majina ya safari hii yamekwisha kufungwa, habari yangu itaandikwa, itasomwa kwa wakati wake. Nikauliza wakati wake ni lini. Akasema, "Mzee, hilo sina uwezo nalo." Nilimwonea huruma, maana hata mimi sikuwa na uwezo nalo.

Mliporudi kutoka Kasulu nilitaka kukwambia. Nakuita, "Riziki!" Unakuja. Nasema, niletee maji. Nimekunywa maji mwezi huu mpaka Sifa akasema nina kisukari. Nikikutazama namwona mtoto anayekagua nyuso. Ndipo jana ukasema hupandi basi.

Sina uhakika wa kukuonyesha, mama. Kaburi silijui. Njia ile inakata kulia mahali pengi. Nina kifungo cha kijani kinywani mwa mama muuza mawese, basi. Pengine msomi wa sheria angenicheka kama mchungaji alivyocheka. Lakini mzee yule alimfungulia mtu mlango kwa maneno ya mpishi aliyekuwa anaparua samaki, na alimwogopa Mungu kuliko mimi.

Kitabu kinabaki na mimi. Nilifikiri uende nacho, huko wako wanaokisoma, lakini kikibebwa kitakwisha kabla ya Kigoma. Nitakaa nacho, mchwa watakula, nami nitazika wanachobakiza pale kwenye mihogo. Ila ule ukurasa wenye uzi mwekundu ulikwisha kutoka wenyewe, kwa ushonaji wangu mbaya. Huo nimeuweka kwenye jaketi lako la safari. Pekua kwa ndani, kiunoni, utakuta mfuko. Kifuniko ni pembe tatu. Kifungo ni cha lile koti, sasa limebaki na mashimo mawili. Siku ukimpata mtu anayesoma mwandiko huo akusomee babu yako alisema nini jikoni. Usinitumie jibu haraka haraka, sijui kama nitakuwepo, sijui kama nitaitwa, sijui kama tutaonana. Nimejaribu kutafuta neno zuri zaidi la kukwambia hapo, sikulipata.

Mvua imefika. Nakusikia na watoto wako wanakusindikiza wanapiga kelele, kwa hiyo namaliza.

Jana uliuliza mama akija atamkuta nani. Hukuniuliza kama atakuja. Nafikiri uliogopa, kama mimi. Biro hawaniulizi tena. Hakuna mtu aliyeniuliza, Riziki, wala hakuna ninachokitafuta kwa kusema, kwa sababu ukinisikia nitabaki peke yangu. Nasema mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu. Mama yako Mwamini amekufa. Wanawake walimwosha, wakamzika, wakamwimbia. Alikuwa anakufuata wewe. Nami nimechelewa kukwambia, unisamehe.

Hapa hakuna wa kusubiriwa. Kesho panda basi.

Baba yako,
Elia